Boti ya Alumini kwa Maji Madogo: Niliyojifunza Kwenye Maziwa ya Minnesota

Boti ya alumini inayotumika kuvulia kwenye maji madogo huharibika zaidi ikiwa nchi kavu kuliko ikiwa majini. Hilo nimelishuhudia kwa miaka mingi niliyovua kwenye maziwa madogo ya katikati ya jimbo la Minnesota, Marekani, na hasa katika kazi ya kuwasindikiza wenzetu kutoka Tanzania, Kongo na Burundi wanaoishi huku, wanapokwenda kukagua boti zilizokwisha kutumika kabla hawajatoa fedha zao. Ikiwa ziwani, boti ya namna hii hubebwa na maji kwa usawa, mwendo wake ni wa polepole, na mawimbi ya ziwa ambalo ng'ambo yake unaiona hayana nguvu ya kuvunja bati lililoungwa vizuri. Nchi kavu ndiko inakotikiswa juu ya trela katika barabara za changarawe, ndiko maji ya mvua yanakotuama ndani yake mwezi baada ya mwezi, ndiko plaiwudi inakooza bila kuonekana, na ndiko maji yaliyonaswa kwenye maungio yanakoganda wakati wa baridi. Mnunuzi anayeuliza unene wa bati peke yake, kama wengi wanavyofanya, anaacha maswali mazito zaidi bila kuulizwa.

Mimi nimekulia Ukerewe, mahali ambapo uimara wa mtumbwi ulitambuliwa kwa mbao na kwa mkono wa fundi aliyeuunda: ni mbao gani iliyotumika, imekauka kiasi gani, pamba ya kalafati imeshindiliwaje kati ya ubao na ubao, na misumari imepita wapi. Nilipofika Minnesota nilikuta boti ndogo za uvuvi karibu zote ni za bati. Jimbo hili lina maziwa 11,842 yenye ukubwa wa angalau ekari 10 kila moja, na mengi kati yake ni madogo lakini yana samaki wa kutosha: bluegill, crappie, northern pike, na walleye, ambaye watu wa huku wanamthamini kama sisi tunavyomthamini sato. Boti za alumini zilishika kasi mara baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakati ujuzi wa kuunganisha mabati ya ndege kwa ribiti, yaani pini fupi za kupondwa, ulipotafutiwa kazi nyingine. Crestliner ilianzia Little Falls mwaka 1946, na Howard Lund aliunda boti yake ya kwanza ya alumini katika mji mdogo wa New York Mills mwaka 1948. Miji yote miwili imo katika jimbo hili. Ndiyo maana soko la boti zilizotumika ni kubwa sana hapa, na si ajabu kukuta boti ya miaka 40 au 50 ikishushwa majini kila mwaka bila shida, huku nyingine ya miaka 10 ikiwa imeegeshwa nyuma ya ghala na haifai tena. Sababu ya tofauti hiyo, kila nilipoifuatilia, niliikuta kwenye maungio, kwenye mbao zilizofichwa ndani, na kwenye trela.

Hata hivyo, mtu hawezi kuzungumzia uimara kabla hajasema atavua wapi. Ziwa Mille Lacs lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 500, na kina chake kirefu kabisa ni kama mita 13 tu. Kwa ufupi wa kina hicho upepo hulichafua upesi, ukaleta mawimbi mafupi yenye kusimama wima, na boti ya tumbo bapa haina kazi huko hata kama bati lake ni nene kiasi gani. Kwa maziwa madogo yaliyozungukwa na miti, kwa mito iendayo polepole na kwa vijito vya pembeni mwa Mississippi, tumbo bapa ndilo bora. Boti hiyo, ambayo Wamarekani huiita jon boat, huelea kwenye maji yasiyofika hata magotini, haiyumbi sana mtu anaposimama kurusha ndoana, na huvutwa na gari dogo la kawaida. Hutajwa kwa namba zenye kueleza vipimo vyake: 1448 ni boti yenye urefu wa futi 14 na upana wa inchi 48 kwenye tumbo, yaani takriban mita 4.3 kwa mita 1.2. Mara zote huwa nawashauri watu wasiubane upana. Boti ya 1236 ni nyepesi na bei yake inavutia, lakini watu wazima wawili wakiegemea upande mmoja kumpokea samaki, ukingo unashuka kwa namna inayoshtua. Mahali penye uwazi ambapo upepo hupata nafasi ya kuvuma, mimi huchagua ile ambayo omo lake, yaani sehemu ya mbele, lina ncha kidogo ya kulipasua wimbi, ingawa nyuma tumbo linabaki bapa. Tofauti yake utaiona kwenye nguo zako utakaporudi nchi kavu.

Sasa unene. Boti nyingi za aina hii huwa na bati la milimita 1.8, 2.0 au 2.5 kwenye tumbo, na zile nzito hufika milimita 3.2. Wauzaji hutaja kwa inchi, yaani 0.072, 0.080, 0.100 na 0.125, na ni vyema kuuliza kama kipimo kinachotajwa ni cha tumbo au cha ubavuni, kwa sababu mara nyingi ubavu ni mwembamba zaidi. Aloi, yaani mchanganyiko wa metali, inayotumika sana ni 5052, yenye magnesiamu takriban asilimia 2.5; nyingine ni 5086, yenye magnesiamu kama asilimia 4 na nguvu zaidi kidogo. Zote mbili hazihitaji rangi ili ziweze kuishi kwenye maji yasiyo na chumvi, kwa sababu alumini ikikutana na hewa hujifunika papo hapo kwa utando mwembamba mgumu wa oksidi, na utando huo ukikwaruzwa hujirudisha wenyewe. Mikwaruzo ya mchanga kwenye tumbo la boti iliyotumika, kwa hiyo, haipaswi kumtisha mtu. Mbonyeo mkubwa wenye mkunjo mkali ndio wa kuchunguzwa, kwa kuwa alumini iliyokunjwa mara kwa mara mahali pamoja hupata ufa.

Lakini bati nene lililowekwa juu ya mataruma (vipande vya ndani vinavyokatiza tumbo na kulitegemeza) yaliyoachana sana huchezacheza kuliko bati jembamba lenye mataruma ya karibu karibu, na kule kuchezacheza ndiko kunakolegeza maungio. Mimi hupiga goti ndani ya boti, nikakandamiza tumbo kati ya taruma na taruma kwa uzito wangu wote. Likibonyea na kurudi kwa mlio, naanza kuhesabu mataruma na kuyatazama kwenye ncha zake, mahali yanapokutana na ubavu, kwa maana nyufa hupenda kuanzia hapo. Kwa maziwa ya matope na mchanga ningeichukua boti ya milimita 2 yenye mataruma mengi na matuta yaliyobonyezwa kwenye tumbo, nikaiacha ya milimita 2.5 yenye mataruma machache. Mahali penye mawe na visiki vilivyozama, unene wa milimita 2.5 au zaidi una maana kweli.

Suala linalozua ubishi mrefu kuliko yote ni ribiti dhidi ya kuchomelea. Boti ya ribiti imeunganishwa kwa vipande vifupi vya alumini vilivyopitishwa kwenye matundu ya mabati mawili na kupondwa upande wa pili, na kati ya mabati hayo huwekwa gundi au utepe wa kuzuia maji. Boti ya kuchomelewa haina matundu, na ikitoka kiwandani haivuji hata tone. Ukiishia hapo utaona kwamba kuchomelea kumeshinda, na wauzaji wengi huishia hapo. Kuna jambo ambalo halisemwi sana: joto la kuchomelea huilainisha aloi ya 5052 pembeni mwa mshono, kwa hiyo boti hiyo inapochoka haichoki kwenye mshono wenyewe bali sentimita moja au mbili kutoka hapo, na inapochoka hupasuka. Ufa wa alumini hauzibwi na kila fundi. Unataka mashine maalumu, gesi ya agoni, bati lililosafishwa hadi kung'aa, na mkono uliozoea, kwa sababu alumini huyeyuka bila kubadilika rangi na asiyeijua hutoboa tundu kubwa kuliko ufa aliokuja kuuziba.

Ribiti huchoka kwa njia nyingine. Hulegea kidogo kidogo, moja hapa na nyingine pale, na kila iliyolegea hutoa machozi ya maji yasiyozamisha chombo. Watu wawili wanaweza kuzikaza nyumbani kwa jioni moja: mmoja anashikilia kipande kizito cha chuma kwenye kichwa cha ribiti kwa nje, mwingine anaipiga kwa nyundo kutoka ndani mpaka ikaze tena. Iliyokwisha kabisa hutobolewa ikawekwa mpya, na ikiwa mahali penyewe ni chini ya usawa wa maji, iwe ribiti ya kupondwa au ile ya kuvuta iliyozibwa mwisho wake, kamwe isiwe ya kuvuta yenye tundu katikati. Kwa boti mpya itakayokaa na mtu asiyependa kazi ya mikono, kuchomelewa kunafaa. Kwa boti ya zamani ya kununua kwa fedha kidogo na kuitunza mwenyewe, naipendelea ribiti, na sijawahi kuona sababu ya kubadili msimamo huo.

Nitaeleza ukaguzi mmoja kwa kirefu, kwa kuwa ulikusanya karibu kila kitu ninachotaka kusema. Mzee mmoja kutoka Kigoma, aliyekwisha kustaafu kazi ya kiwandani, alikuwa amepata boti ya futi 14 ya ribiti pamoja na trela na mashine ya nguvu za farasi 9.9, kwa bei iliyomfurahisha sana. Aliniomba twende wote. Boti ilikuwa imepakwa rangi mpya ya kijani, ndani ikawekwa sakafu ya plaiwudi iliyovikwa zulia zuri, na viti viwili vya kuzunguka. Mzee alipanda akaketi kwenye kiti cha mbele, akaridhika.

"Mzee, tafadhali shuka kwanza," nilimwambia, "nataka tuanzie nyuma."

"Mwanangu, mimi nimeipenda," alijibu, "ila wewe fanya kazi yako, nakutazama."

Nyuma ya boti, kwenye ukuta wa tezi unaobeba mashine, boti nyingi huwa na plaiwudi nene iliyofunikwa kwa bati pande zote mbili. Uzito wote wa mashine unaning'inia hapo, na msukumo wake wote hupita hapo kuingia kwenye boti. Maji huingia kwenye plaiwudi hiyo kupitia matundu ya skrubu ambazo mtu amezifunga kwa ajili ya kifaa cha kutafutia samaki au kishikio cha fimbo bila kuyaziba kwa gundi, na yakishaingia hayatoki, kwa kuwa bati linayafungia ndani. Niliishika mashine kwenye kichwa chake, nikaisukuma chini na kuivuta juu, huku mzee akiwa ameweka kidole pale ukuta wa tezi unapokutana na ubavu. Alihisi mwendo mdogo, kama milimita mbili. Kisha nilipiga ukuta kwa mpini wa bisibisi kutoka juu kwenda chini: juu mlio ulikuwa mkavu na mkali, na kuanzia katikati kwenda chini ulikuwa mzito na mfu. Nilipotoa skrubu moja ya chini kwa ruhusa ya mwenye boti, ilitoka pamoja na unga wa mbao mweusi uliolowa. Plaiwudi ya nyuma ilikuwa imeoza nusu. Hilo si jambo la kuitupa boti, kwani plaiwudi hiyo hubadilishwa, lakini ni kazi ya siku kadhaa na ni lazima ionekane kwenye bei.

Tulimwomba mwenye boti aturuhusu kuijaza maji ikiwa juu ya trela. Jaribio hili ni la ukweli kuliko maneno ya muuzaji yeyote, kwa sababu maji yanayoingia boti ikiwa ziwani ndiyo yatakayotoka ikiwa imejazwa nchi kavu, na utaona mahali hasa yanapopita. Ila lifanywe kwa kipimo. Sentimita tano za maji kwenye tumbo la boti ya 1448 ni zaidi ya kilo 200, na trela halikuundwa kubeba boti iliyojaa. Sentimita hizo tano zinatosha. Tulilala chini na tochi. Kwa muda hakukuwa na kitu. Baadaye tone moja liliumbika kwenye kichwa cha ribiti karibu na mkuku, yaani uti wa chini wa boti, likakua taratibu, likadondoka, na lingine likaanza kuumbika mahali pale pale. Mzee alilizungushia alama kwa chaki. Mpaka tunamaliza, alama zilikuwa zimejipanga karibu zote kwenye msitari mmoja wa ribiti, sehemu ya nyuma ya boti, na mpangilio huo ulinishughulisha kuliko wingi wake. Ribiti zilizolegea kwa uzee hutawanyika. Zilizolegea kwa msitari mmoja zimelegezwa na kitu kimoja.

Kitu hicho kilikuwa trela. Lilikuwa limetengenezwa kwa boti fupi zaidi, na mihimili ya mbao ambayo boti hulalia ilikuwa imeishia karibu sentimita 30 kabla ya kufika kwenye ukuta wa tezi. Kwa hiyo mashine, ambayo kwa ukubwa huo huwa na uzito wa kilo 40 hivi, pamoja na tangi na betri vilivyowekwa nyuma, vilikuwa vikining'inia hewani bila tegemeo kila boti ilipokuwa barabarani. Kila shimo la barabara lilikuwa likiupinda mwisho wa tumbo kwenye ukingo wa mihimili ile, na msitari wa ribiti zilizovuja ulikuwa juu yake kabisa. Tangu zamani huwa nasema kwamba trela linunuliwe kwa makini sawa na boti, na hapo mzee alilielewa bila maelezo zaidi. Mihimili mirefu iliyovikwa zulia, inayofika mpaka chini ya ukuta wa tezi na kulala sambamba na mkuku, inasambaza uzito. Magurudumu madogo ya plastiki ni rahisi kushushia boti, lakini huubana uzito wote kwenye nukta chache za bati jembamba.

Lililobaki lilikuwa chini ya zulia. Tuliomba kuinua kona ya sakafu, na tukakuta kwamba mbao iliyotumika ilikuwa ile ya kijani inayouzwa kwa ajili ya baraza na uzio, iliyotiwa dawa ya kuzuia kuoza. Dawa hiyo ina shaba. Tangu mwisho wa mwaka 2003, dawa ya zamani yenye aseniki ilipoondolewa kwenye mbao za matumizi ya nyumbani nchini Marekani, dawa zilizochukua nafasi yake zimekuwa na shaba nyingi zaidi. Shaba na alumini zikikutana katika unyevu hutengeneza umeme mdogo, kama ilivyo ndani ya betri, na katika makutano hayo alumini ndiyo inayoliwa. Chini ya zulia lililolowa, mahali ubao ulipogusa taruma, tulikuta unga mweupe, na nilipoufuta kwa kidole bati lilikuwa na vishimo vidogo vidogo, vingine vya kina cha kuingiza ncha ya kalamu. Rangi ya kijani ya nje haikuonyesha lolote. Kwa sababu hiyo hiyo rangi za meli zenye shaba hazifai kabisa kwenye boti ya alumini, wala sarafu ya shaba au timazi za risasi hazifai kuachwa kwenye maji machafu yaliyotuama chini ya sakafu. Majani yaliyooza na matope nayo hufanya madhara ya aina yake, kwa kuwa hushikilia unyevu dhidi ya bati na kulinyima hewa inayorudisha ule utando wa oksidi.

Tuliangalia pia povu gumu lililojazwa chini ya viti, ambalo kwa sheria ya Marekani boti ndogo kama hii lazima iwe nalo ili isizame kabisa ikijaa maji. Povu la zamani hunywa maji. Boti tupu ya ukubwa huo hucheza kwenye kilo 120, na watu wawili wanaweza kuinua upande mmoja. Ikiwa hainuki, uzito wa ziada ni maji yaliyonyonywa. Hii ilikuwa nyepesi. Kwenye ubavu wa ndani kulikuwa na kibandiko cha uwezo, ambacho kimewekwa kwenye boti za namna hii tangu mwisho wa mwaka 1972, chenye kutaja idadi ya watu, uzito wa juu na nguvu ya mashine inayoruhusiwa. Kikiwa kimeng'olewa, kuna kanuni ya kukadiria: zidisha urefu kwa upana, vyote kwa futi, kisha gawa kwa 15, upate idadi ya watu. Mashine iwe ndani ya kiwango hicho, na mkono wake, yaani sehemu inayoshuka majini, uendane na kimo cha ukuta wa tezi, ambacho kwa kawaida ni inchi 15 au 20. Mkono mrefu kwenye ukuta mfupi hukwama kwenye kila tope, na mfupi kwenye ukuta mrefu huvuta hewa badala ya maji.

Mzee aliinunua, kwa bei iliyoshuka karibu nusu. Naliunga mkono jambo hilo, maana bati lenyewe lilikuwa zima kwa sehemu kubwa na kila kasoro tuliyoiona ilikuwa na tiba. Sakafu ya kijani na zulia lake viliondolewa siku ya kwanza. Vishimo vilisafishwa, vikakwanguliwa mpaka kwenye bati safi na kujazwa gundi ya epoksi ya boti. Ribiti zilikazwa. Plaiwudi ya tezi ilibadilishwa kwa nyingine isiyo na dawa, iliyofunikwa kwa epoksi pande zote na hasa kwenye kingo na ndani ya kila tundu la skrubu, na mihimili ya trela ikarefushwa. Sakafu mpya ni bati la alumini lenye matuta ya kuzuia kuteleza, lisilo na zulia, ambalo hunyanyuliwa kwa mikono miwili ili kusafisha chini yake.

Utunzaji baada ya hapo ni mdogo, ila hauna likizo. Minnesota ina sheria inayomtaka kila mwenye boti kutoa kizibo cha tumbo na kumwaga maji yote anapoondoka ziwani, na kusafiri kizibo kikiwa kimetolewa, ili kome wa zebra na magugu ya kigeni wasihamishwe kutoka ziwa moja hadi jingine. Sheria hiyo imewekwa kwa ajili ya maziwa, lakini inaihifadhi boti vilevile, kwa sababu boti inayokaa bila kizibo na omo likiwa juu haituamishi mvua. Wakati wa baridi hilo ndilo lenye uzito zaidi: maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na yaliyonaswa kati ya mabati mawili hayana pa kutanukia isipokuwa kuyaachanisha. Boti ya mzee huhifadhiwa ikiwa imepinduliwa juu ya mbao mbili kavu, mashine ikiwa ghalani.

Ameniuliza kama boti kama yake ingefaa kupelekwa nyumbani. Kwa Ziwa Tanganyika nilimkatalia bila kusita, kwa kuwa lile lina urefu wa zaidi ya kilomita 650 na upepo wake anaujua kuliko mimi. Kwa mabwawa, na kwa maziwa madogo kama Ziwa Babati, inafaa, ilimradi mvuvi akae mbali na viboko. Na kwa huko ningechagua ya ribiti bila mashaka, ya milimita 2.5 au zaidi, isiyo na kipande cha mbao hata kwenye tezi. Wachomeleaji wa alumini wenye agoni si rahisi kuwapata nje ya miji mikubwa, lakini mafundi wanaounda bodi za mabasi wamezoea kufunga mabati kwa ribiti, na kinachohitajika ni kuwaeleza kwamba chini ya usawa wa maji ribiti ziwe za kupondwa, na kila tundu liwekewe gundi kabla ribiti haijapita.